Kijana asiyejua mwisho wake

Anayemwandikia kijana riwaya kuhusu mtu mashuhuri ana tatizo moja: msomaji anaujua mwisho kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Katika X, riwaya ya mwaka 2015 kuhusu ujana wa Malcolm X, binti yake Ilyasah Shabazz na mwenzake Kekla Magoon wamelikabili kwa sarufi. Malcolm anasimulia mwenyewe, tena katika wakati uliopo.

Tawasifu aliyomsimulia Alex Haley, iliyotoka 1965, haiko hivyo. Mle anasema mtu mzima aliyekwisha kutubu, na kila ujanja wa Harlem unakuja na hukumu yake. Waandishi wa X wamemwondoa huyo mtu mzima. Anabaki kijana anayefurahia suti na dansi za Boston, bila habari ya gereza lililo mbele. Kijana wa hapa Ggaba, Uganda, anayepakua mitumbwi ya visiwani kule mwaloni hahitaji maelezo ya Boston. Mvuto wa pesa ya haraka anaujua.

Hila ya pili ni kuvuruga miaka. Tunaanzia Harlem ya 1945, Malcolm akiwindwa, ndipo turudi Lansing alikokulia. Kifo cha baba mwaka 1931 na mama kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili vinamjia vipandevipande, kwa hiyo tunaona matendo kwanza, sababu baadaye. Kuna mahali mrukoruko huo unachosha, na maisha ya starehe yamerefushwa kupita kiasi. Lakini kisu kimekata mahali pake: riwaya inakoma 1948, gerezani. Ile safari ya 1964 iliyomkutanisha na Nyerere, Kenyatta na Obote haimo.

Nani ataandika hivi kuhusu Janani Luwum? Uganda ilianza kumwadhimisha kwa sikukuu ya taifa, 16 Februari, mwaka uleule wa 2015. Watoto wanamjua askofu mkuu aliyeuawa 1977 kwa kuukemea utawala wa Amin. Mvulana aliyezaliwa Mucwini mwaka 1922, akakua akawa mwalimu, hawamjui. Naye aliokoka Januari 1948, kwa hiyo hata mahali pa kukatia papo.

Ugumu uko kwenye wokovu wenyewe. Luwum aliingia katika uamsho wa Balokole, na Balokole wana ushuhuda: mtu husimama mbele ya wenzake akaeleza alivyokuwa kabla ya kuokoka. Anayesema ni yule aliyekwisha kufika, na maisha ya nyuma huyapanga kama njia ya kumfikisha hapo. Ndiyo sauti ileile ya tawasifu ya 1965, na Uganda nzima imeizoea kanisani. Mwandishi atakayeifuata atapata kitabu cha shule ya Jumapili. Itambidi amnyamazishe mlokole hadi sura ya mwisho, amwachie kalamu mwalimu kijana wa Kiacholi, pamoja na majivuno yake na mambo ambayo hajaona haja ya kuyatubu.