Jemadari Asiyesikizwa: Juliasi Kaizari na Kinjeketile

Fasihi ya Kiswahili ina majemadari wengi, lakini uhakiki wake aghalabu huwajua wawili tu. Wa kwanza ni shujaa wa tenzi za kale, mwenye upanga na farasi, ashindaye kwa imani na kwa nguvu za mkono wake. Katika Utenzi wa Herekali msikilizaji huwaona mabingwa wakitoka kupambana. Ni nadra amwone mtu akihesabu chakula cha jeshi au akiamua siku ya kupigana. Wa pili ni mnyang'anyi wa dola. Huyu alipata uzito mpya baada ya tarehe 25 Januari 1971, Meja Jenerali Idi Amin alipoipindua serikali ya Uganda, na wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 Kiswahili cha Tanzania kilimpa jina lake maalumu, nduli, neno ambalo tangu hapo halitamkwi bila ya sura yake kuonekana. Kwa mhakiki aliyezizoea sura hizi mbili, Makbeth ya S. S. Mushi (1968) haina taabu yoyote: shujaa anageuka nduli mbele ya macho yetu, na kilichobaki ni kulitaja neno tamaa na kuifunga hoja.

Zipo, hata hivyo, tamthilia mbili ambazo hazikubali kusomwa kwa wepesi huo. Moja ni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kutolewa upya, ikiwa imesahihishwa, mwaka 1969. Ya pili ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka huohuo wa 1969. Katika zote mbili yumo jemadari wa aina ya tatu, ambaye wahakiki wamempita kana kwamba hayupo: mtu ajuaye kazi ya vita, aliyewekwa chini ya mtu anayemzidi kwa heshima mbele ya umma, na ambaye shauri lake halisikizwi.

Huenda sababu mojawapo ya kutomwona ni msamiati wenyewe. Neno jemadari lina asili ya Kiajemi na lilipitia Bara Hindi. Katika jeshi la Waingereza huko India lilikuwa jina la cheo cha chini cha maofisa Wahindi. Kwetu pwani lilikuwa jina la mkuu wa kikosi cha Wabulushi waliowatumikia masultani wa Zanzibar, na Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walisindikizwa na Wabulushi wa namna hiyo pamoja na jemadari wao. Kiswahili kikampandisha cheo kidogo kidogo hata akawa mkuu wa jeshi zima, kisha kikamtoa jeshini kabisa: siku hizi jemadari ni sifa anayopewa mwanasiasa jukwaani na wafuasi wake. Amiri, lililotoka katika Kiarabu, ni mwenye kuamuru, na Amiri Jeshi Mkuu, Kenya na Tanzania, ni Rais, ambaye pengine hajalala hata usiku mmoja katika hema la vita. Mwanajeshi mwenyewe ameachiwa neno la Kizungu, jenerali, ambalo ni cheo cha mshahara na mabega. Hata wapiganaji wa msituni Kenya katika miaka ya 1950, waliojipa vyeo wenyewe, walilichagua hilo: Waruhiu Itote aliitwa Jenerali China.

Mgawanyo huu wa maneno si jambo dogo. Roma haikuwa nao. Konsuli wa Roma alikuwa mkuu wa raia na mkuu wa jeshi kwa pamoja, na imperator, jina ambalo askari walimshangilia nalo kamanda aliyeshinda, liliishia kuwa jina la mtawala wa dola. Sisi tumewatenganisha amiri na jenerali, na tumefanya vyema. Maasi ya 1964 na jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 nchini Kenya yanatosha kumkumbusha mtu kwa nini. Lakini mgawanyo huo unazaa swali ambalo uhakiki wetu haujaliuliza. Ikiwa uamuzi ni wa amiri, je, jenerali ana haki gani ya kusema kabla ya uamuzi kutolewa?

Darasani, Juliasi Kaizari huishia mimbarini. Hotuba mbili juu ya maiti ya Kaizari husomwa, hukaririwa na kulinganishwa, kisha sehemu mbili za mwisho hupitwa mbiombio kwa kisingizio cha siku nyingi kwamba tamthilia hupoteza nguvu zake baada ya mazishi. Hapa ndipo palipo na kosa. Mchezo huu unaanza na jemadari anayerudi mjini akishangiliwa kwa kuwashinda wana wa Pompey, na unakwisha kwenye uwanja wa vita wa Filipi. Yaliyo katikati ni siasa, lakini siasa hiyo inapimwa vitani.

Cassius anamtii Brutus mara tatu. Anashauri Antony auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa. Anashauri Antony asiruhusiwe kusema mbele ya watu, Brutus anakataa. Kambini Sardi anashauri wamsubiri adui waliko, ili adui achoke na kula akiba yake huku wao wakipumzika; Brutus anakataa tena, na jeshi linakwenda Filipi. Mara mbili za kwanza ni mabishano ya raia wawili, na kila mmoja ana haki sawa ya kukosea. Mara ya tatu ni suala la ufundi. Cassius wa historia ndiye aliyeyaokoa mabaki ya jeshi la Crassus baada ya kushindwa na Waparthi mwaka 53 K.K.; Brutus hakuwa na sifa kama hiyo. Katika tamthilia, Cassius anapothubutu kusema kwamba yeye ni askari wa siku nyingi kuliko mwenziwe, Brutus anamshika kwa neno, naye anarudi nyuma upesi na kudai kwamba alisema wa zamani, hakusema bora. Pahali hapa pafupi panastahili saa nzima ya darasa. Mtu mwenye ujuzi anaona haya ya ujuzi wake mbele ya mtu mwenye sifa njema.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Brutus mjinga. Hoja yake ya kwenda Filipi ina mantiki: watu wa njiani wanawasaidia kwa kulazimishwa tu, adui ataongeza nguvu kwao, na jeshi lao wenyewe limefika kileleni na halina pa kwenda ila kushuka. Tatizo si hoja, bali ni namna anavyoikata hoja ya mwenziwe kabla haijaisha. Na katika suala la fedha anaonekana vibaya zaidi. Anamshutumu Cassius kwa rushwa, anajisifu kwamba yeye hawezi kuwanyang'anya wakulima senti zao, kisha papo hapo analalamika kwamba alimwomba Cassius dhahabu ya kuwalipa askari akanyimwa. Dhahabu hiyo ilipatikana vipi, Brutus hapendi kujua.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuusoma ugomvi huo kama kisa cha Roma peke yake. Tarehe 20 Januari 1964, mwaka mmoja baada ya mwaka wa tafsiri ya kwanza, askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Siku chache baadaye maasi yalifika Uganda, na kambi ya Lanet nchini Kenya. Nyerere alilivunja jeshi lile, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, lililofungamana na chama. Hakuna haja ya kudai kwamba masahihisho ya 1969 yalitokana na mambo hayo. Inatosha kusema kwamba mfasiri aliyeurudia ugomvi wa hemani juu ya mishahara ya vikosi alikuwa sasa ni amiri aliyekwisha kuonja jambo lenyewe.

Asubuhi ya vita, Cassius anamwita Messala awe shahidi kwamba, kama Pompey zamani, yeye analazimishwa kuuweka uhuru wao wote juu ya pigano moja. Kumtaja Pompey si pambo. Mwaka 48 K.K., huko Pharsalus, Pompey alisukumwa na waheshimiwa wa Seneti waliojaa kambini mwake apigane kabla ya wakati, akashindwa na Kaizari. Cassius anajua kwamba anairudia historia, anamwambia shahidi, kisha anakwenda kupigana. Hasemi neno hilo kwa Brutus. Utii wa namna hii watu huusifu. Tamthilia haiusifu hata kidogo.

Jina la Kaizari halikubaki Roma. Wajerumani walilifanya cheo cha mfalme wao, na kwa jina hilo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ebrahim Hussein anatahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa historia, na wahakiki wameikariri tahadhari hiyo bila kuuliza ina kazi gani. Kazi yake kubwa ni hii: mtu wa historia alikufa kabla ya mapigano makubwa, bali mtu wa tamthilia ameachwa hai hadi mwisho. Ameachwa hai ili akutane gerezani na Kitunda.

Kitunda ndiye jemadari wa tamthilia hii. Kazi ya kuwafunza na kuwaongoza wapiganaji ni yake, na imani yake katika maji haifanani na imani ya umati. Lakini hali yake ni ngumu kuliko ya Cassius. Cassius angeweza kukataa, akabaki na vikosi vyake. Kitunda hana jeshi ila lile lililokusanywa na maji. Makabila yaliyokuwa hayasikilizani yalisimama safu moja kwa sababu ya neno la Kinjeketile, si kwa sababu ya mazoezi. Bila maji hakuna jeshi, na kwa kuwa maji yapo, jeshi haliuoni umuhimu wa mpango wowote. Kinjeketile naye, anapoanza kulitilia shaka neno alilolileta na kutaka watu wangoje, hasikizwi vilevile. Hapo Hussein anamzidi mwandishi wa Kiingereza: anaonyesha kwamba hata amiri mwenyewe huweza kuwa mateka wa neno lake.

Kule gerezani Kitunda anamwomba Kinjeketile akane kwamba maji yana nguvu, ili watu waache kufa. Kinjeketile anakataa, kwa kuwafikiria watoto watakaozaliwa na neno watakalorithi. Uhakiki wetu, karibu wote, umekuwa upande wa Kinjeketile, na si ajabu, maana ndiye aliyepewa maneno makubwa. Lakini ombi la Kitunda si la mwoga. Ni hesabu ya jemadari anayejua ni watu wangapi waliobaki. Mwalimu anayemwita Kitunda dhaifu mbele ya wanafunzi wake anawafunza, bila kukusudia, kwamba kuihesabu roho ya askari ni usaliti.

Pingamizi kubwa dhidi ya usomaji huu limo katika Juliasi Kaizari yenyewe, na halifai kufichwa. Kabla ya vita, Antony, askari mzoefu, anamwagiza kijana Octavius ashike upande wa kushoto. Octavius anakataa, anachukua wa kulia, wala hatoi sababu yoyote. Na wao ndio wanaoshinda. Isitoshe, Cassius ana makosa yake: anapoambiwa kwamba Titinius amezingirwa anaamini kuwa ametekwa, kumbe wamemzunguka ni marafiki, naye anajiua kwa habari ya uongo wakati vikosi vya Brutus vimekwisha kumshinda Octavius. Ujuzi haukumwokoa. Tamthilia haisemi kwamba jemadari hupatia daima. Inaonyesha tu nani alisikizwa na nani hakusikizwa, na msomaji anaachiwa kazi iliyobaki.

Mwishoni Antony anamsifu Brutus kwa unyofu wake, sifa ya raia. Octavius, mwenye kuitazama kesho, anaamuru maiti yake ilale hemani mwake kwa heshima zote za mwanajeshi. Cassius hatajwi. Maiti yake Brutus alikwisha kuagiza ipelekwe kisiwa cha Thasos, mazishi yake yasije yakawavunja moyo askari kambini.