Kweli Mdomoni mwa Mwongo

Mashabiki wa katuni ya runinga Rick and Morty walipewa jibu tarehe 1 Aprili 2017, na wengi wao wakalitupa. Usiku huo, Siku ya Wajinga, kituo cha Adult Swim kilirusha kipindi cha "The Rickshank Rickdemption" bila tangazo lolote. Rick, yule babu mlevi anayejiona mwerevu kuliko viumbe wote, yuko gerezani angani, na mpelelezi ameingia ndani ya kumbukumbu zake kutafuta siri ya bunduki inayofungua milango ya malimwengu mengine. Rick anamzungusha. Kwanza wanapitia McDonald's kununua mchuzi wa Szechuan, uliouzwa kwa muda mfupi tu mwaka 1998. Kisha gereji: Rick kijana, mkewe Diane, binti yao Beth. Mlango wa kijani unafunguka hewani, bomu linadondoka, mama na mtoto hawapo tena. Punde Rick anacheka na kusema hadithi yote ni ya kutunga, mtego tu wa kumnasa mpelelezi.

Watu walishika nini? Mchuzi. Oktoba mwaka huohuo McDonald's ya Marekani iliurudisha kwa siku moja, foleni zikajaa, mchuzi ukaisha, hasira zikawaka. Bomu likabaki kwa wabishi wachache walioshikilia kwamba Rick hakutunga. Septemba 2021, katika "Rickmurai Jack", ikabainika wabishi walikuwa sahihi: mke na binti waliuawa kweli.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mwandishi wa kawaida huficha dokezo kwa kulifanya dogo, picha ukutani au jina kwenye bahasha. Waandishi wa katuni hii waliliweka katikati ya skrini, ila mbele yake wakatanguliza kichekesho na nyuma yake wakaweka kanusho la mwongo sugu. Mtu aliyetoka kucheka hana mkao wa kupokea ushahidi. Abunuwasi angewapa mkono.

Katika malimwengu hayo wapo kina Rick wengi, kila mmoja na mjukuu wake Morty, na kwa Morty mmoja mwovu waandishi walitumia njia nyingine. Aprili 2014, mwishoni mwa "Close Rick-counters of the Rick Kind", Morty mmoja anavua kifuniko cha jicho. Nyaya zinaning'inia nyuma yake. Kumbe ndicho kilichokuwa rimoti ya Rick mmoja tuliyemdhania ndiye aliyekuwa akiwaua kina Rick wengine. Anakikanyaga, anajichanganya na kundi la kina Morty wengine, basi. Hasemi neno, kinachosikika ni wimbo wa Blonde Redhead tu. Miaka mitatu baadaye, katika "The Ricklantis Mixup", Morty mgombea anashinda uchaguzi, maiti zinaelea angani, na wimbo uleule unaanza. Aliyeusikia 2014 hakuhitaji kuelezwa ni nani amekalia kiti.

Ukimya ule ndio ulioota nadharia. Iliyovuma kuliko zote ilidai huyu ni mjukuu halisi wa Rick, aliyetelekezwa na sasa anarudi kulipa kisasi. Ilikuwa nadharia nzuri, na ikaanguka vibaya, kwa sababu bomu lililomuua Beth akiwa mtoto lilimwondoa pia Morty yeyote ambaye angezaliwa naye. Shida ya yule mwovu ilikuwa nyingine kabisa: alitaka kutoka nje ya ukuta ambao kina Rick wameuzungushia malimwengu yote ambamo Rick ndiye mwerevu kupita wote.

Kabla ya jibu hilo la 2021 waandishi walitudhihaki. "Never Ricking Morty" ya Mei 2020 inawafungia babu na mjukuu ndani ya treni ya hadithi, na humo Morty mwovu anatokea na jeshi zima, vita vilevile vilivyokuwa vikisubiriwa, kisha vinafutwa kama mzaha. Baadhi ya mashabiki walinuna. Mimi naona ni mbinu ileile ya gerezani iliyorudiwa: cheka kwanza, maana mwaka mmoja baadaye Morty mwovu alikuja kweli.

Imebaki pengo moja ambalo jibu la 2021 halilizibi vizuri. Katika kipindi kilekile cha 2014, kumbukumbu za Rick zinapitishwa mbele yake, na mojawapo inamwonyesha amempakata Morty mchanga, ilhali alikuja kuishi na familia ile mvulana akiwa tayari mkubwa. Machozi yanamtoka. Rick mwenzake anamcheka, naye anakana kwamba analia.