Sifa kwa Msoma Madoa

Mwezi Julai 1901, katika kisiwa cha Rügen kaskazini mwa Ujerumani, ndugu wawili wadogo waliuawa msituni karibu na kijiji cha Göhren. Polisi walimkamata Ludwig Tessnow, seremala wa kutangatanga, ambaye nguo zake zilikuwa na madoa. Akasema ni rangi ya mbao, na kweli, seremala gani hachafuki rangi? Jibu hilohilo alilitoa mwaka 1898 alipohojiwa kuhusu vifo vya wasichana wawili karibu na Osnabrück, na mara ile liliwatosha waliomhoji. Wakamwachia.

Safari hii halikutosha. Ng'ambo ya maji, mjini Greifswald, daktari Paul Uhlenhuth alikuwa amechapisha miezi michache tu kabla njia ya kutambua damu ni ya nani, mtu au mnyama. Sungura huchomwa sindano yenye damu ya binadamu, na mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya damu hiyo ngeni. Baadaye seramu ya sungura huyo hutiwa kwenye doa lililoyeyushwa katika maji ya chumvi. Maji yakifanya ukungu, damu ni ya binadamu. Yakibaki maangavu, sivyo. (Sokwe nao huweza kuleta ukungu huo, ila Rügen hapakuwa na sokwe.)

Uhlenhuth alizipitia nguo za Tessnow doa moja baada ya jingine. Mengine yalikuwa rangi kweli, kama mwenyewe alivyosema. Mengine yalikuwa damu ya kondoo, na wiki chache kabla ya mauaji, kondoo wa mkulima mmoja kisiwani humo walikutwa wamekatwakatwa malishoni. Mengine yalikuwa damu ya binadamu. Tessnow alihukumiwa kifo.

Watu wanaposimulia kisa hiki humsifu Uhlenhuth kwa kuiona damu. Sifa kubwa zaidi anastahili kwa yale madoa aliyoyaacha yabaki rangi. Angeweza kuchovya madoa mawili matatu, akapata jibu lililosubiriwa na kila mtu, akafunga jalada. Alimpa mshitakiwa haki ya kila doa peke yake, na hapo ndipo ufundi huu unapoanza.

Doa linaloonekana, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Ngumu zaidi ni damu iliyokwisha kufutwa kwa tambara, ikapigwa deki, ikabaki kwenye nyufa za sakafu na mishono ya zulia. Hapo mkemia hutegemea chuma. Kila molekuli ya hemoglobini ina atomu nne za chuma, na chuma hicho, kikiwa ndani ya nyumba yake iitwayo hemu, huichochea haidrojeni peroksidi iachie oksijeni yake. Mkemia Christian Schönbein aliligundua jambo hilo mwaka 1863 alipoona peroksidi ikitoka povu kwenye madoa ya damu. Tatizo la povu ni kwamba vitu vingi hulitoa.

Kikahitajika kitu cha kuionyesha oksijeni hiyo waziwazi. Kimojawapo ni fenolfthalini, ileile ambayo wanafunzi wa sekondari Tanzania huiita POP na kuidondoshea kwenye chupa wakati wa taitresheni. Kwa kazi ya damu huchemshwa kwanza na unga wa zinki hadi ipoteze rangi. Mchunguzi hulisugua doa kwa pamba, akadondoshea dawa hiyo, akangoja. Kisha hutia peroksidi. Pamba ikigeuka waridi papo hapo, huenda ni damu. Lakini ikigeuka waridi kabla ya peroksidi kutiwa, kuna kitu kingine kinachofanya kazi hiyo, na kipimo hakina maana tena. Kwa hiyo zile sekunde za kungoja ni kipimo ndani ya kipimo. Asiyezingoja ameharibu kazi, hata kama pamba yake ina rangi nzuri.

Dawa maarufu kuliko zote ni luminoli. Kufikia mwaka 1928 ilishajulikana Ujerumani kwamba hutoa mwanga ikikutana na peroksidi mahali penye alkali. Mwaka 1937 Walter Specht, mjini Jena, akaipulizia madoa ya damu na kupiga picha za mng'ao wake. Miaka miwili baadaye Frederick Proescher na A. M. Moody wakaonyesha jambo la ajabu: damu kuukuu, iliyokauka siku nyingi, hung'aa zaidi kuliko mbichi. Yaani mhalifu anayetegemea muda ufute kosa lake anaisaidia luminoli.

Wanaoifahamu kwa sinema tu hudhani ni kupuliza na kutazama. Kwanza chumba hutiwa giza, kamera ikasimamishwa kwenye miguu mitatu. Hupulizwa ukungu mwembamba kabisa, kwa sababu dawa ikizidi, maji hutiririka na alama ya kiatu hugeuka dimbwi. Mwanga wa buluu hukaa kitambo kifupi, ukafifia. Na kinachong'aa si lazima kiwe damu. Shaba hung'aa, figili kali hung'aa, na dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki, hung'aa sana. Mchunguzi mzoefu hutazama namna ya kung'aa: jiki mara nyingi hupiga ghafla na kuzima, damu huanza taratibu na kudumu kidogo. Hata hivyo huandika tu "huenda ni damu" na kuchukua sampuli kwa ajili ya kipimo cha pili.

Gharama ya kuliacha neno "huenda" ilionekana Australia. Agosti 1980 mtoto mchanga Azaria Chamberlain alitoweka kambini karibu na Uluru, na mama yake, Lindy, akasema amechukuliwa na dingo, mbwa wa porini wa huko. Vipimo vya gari la familia vilidaiwa kuonyesha damu ya mtoto mchanga, na mwaka 1982 mama huyo akafungwa maisha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mnyunyizo uliokuwa chini ya dashibodi ulikuwa dawa ya kuzuia kelele, iliyopulizwa kiwandani. Tena familia hiyo iliishi Mount Isa, mji wa migodi ya shaba, na shaba huweza kudanganya vipimo vya aina hiyo. Wataalamu wa utetezi walipotaka kuona vibao vya vipimo, vilishatupwa. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akathibitisha kwamba ni dingo.

Leo vinasaba vimechukua nafasi ya sungura wa Uhlenhuth, na swali la Rügen huulizwa hata katika kesi za ujangili. Maabara ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2015, huweza kueleza kama nyama ambayo mshitakiwa anadai ni ya mbuzi ni ya mbuzi kweli au ya swala.

Msomaji, ukikuta gazetini kwamba sakafu ya mtu imeng'aa buluu, uliza kipimo cha pili kilisema nini, na sampuli imehifadhiwa wapi.