Ukubwa wa tetemeko si ukali wake

Wanahabari wetu wamezoea kuandika 'tetemeko lenye ukali wa 5.9 kwenye vipimo vya Richter'. Hapo pana makosa mawili.

Kwanza, 5.9 ni ukubwa, si ukali. Tetemeko lililoikumba Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa mmoja tu, uwe Bukoba au huku kwetu Kamukuywa. Ukali ndio hubadilika: kule nyumba ziliporomoka, huku hazikuporomoka. Ukali una kipimo chake, cha Mercalli, kuanzia I hadi XII.

Pili, Richter alibuni kipimo mwaka 1935, lakini 5.9 hiyo ilitokana na kipimo kipya zaidi, kinachozingatia eneo la mwamba lililopasuka na umbali liliosogea.

Eti ni maneno tu? Hebu tazama: kutoka 5.9 hadi 6.9, ukubwa wa tetemeko la Subukia la mwaka 1928, nishati huongezeka takriban mara 32. Na tetemeko dogo la karibu laweza kukudhuru kuliko kubwa la mbali. Anayechanganya ukubwa na ukali atalijuaje hilo? Kiswahili kinayo maneno yote mawili. Tuyatumie.