Akogo Ndani ya Kompyuta: Vidole Viwili, Ndimi Kumi

Anayetengeneza muziki nyumbani kwake Burumba au Malaba, akitafuta akogo, ala ya Wateso ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, katika benki za sauti za bure, hukutana na kalimba. Imo katika orodha ya ala 128 za General MIDI tangu 1991, nambari 109. Sauti yake ni safi na tyuni yake ni ya piano. Kwa wimbo wa Kiteso haifai hata kidogo.

Dawa ni kurekodi akogo yenyewe. Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda na ala ni yao. Tena ni ala nzuri ya kuanzia: kidole kikishauachia ulimi wa chuma, mpigaji hana tena mamlaka juu ya sauti ile ila kuikata kwa kuugusa ulimi tena; vinginevyo inalia na kufifia yenyewe. Kwa hiyo rekodi ya mpigo mmoja hubeba karibu kila kitu. Shiriri, ala ya Waluhya ya uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde, ni kinyume chake, kwa maana mkono huendelea kuibadilisha sauti mpaka inapokatika.

Simu inatosha, mradi ihifadhi sauti kwa WAV na si MP3. Adui ni malori. Foleni ya Malaba hainyamazi usiku wala mchana, na ngurumo za injini hupenya ukuta. Simamisha godoro, tundika blanketi nzito, kisha tumia kichujio cha programu ya Audacity kukata sauti zilizo chini ya hezi 80. Akogo ndogo haitaumia. Ile kubwa ya besi ishughulikie kwa tahadhari, maana kichujio kinaweza kula ala yenyewe.

Usafishaji uishie hapo. Wengi huendelea mpaka wakafuta mkwaruzo wa kucha na mtetemo wa chuma juu ya daraja, halafu wanashangaa kwa nini matokeo yanafanana na kengele ya simu. Mkwaruzo ule unaotangulia noti ndio unaoliambia sikio kwamba kuna mtu. Tyuni nayo iache ilivyo. Mpigaji huitafuta kwa sikio lake, akiusukuma ulimi mbele au nyuma. Ulimi ukiwa umeipita noti ya piano kwa senti 30, yaani karibu theluthi ya nusu toni, tyuni gitaa liifuate akogo.

Tuseme akogo ina ndimi 10. Piga kila ulimi kwa nguvu tatu, pole, wastani na kwa kishindo, na kila nguvu mara nne. Hizo ni rekodi 120. Kila moja ikiwa ya sekunde tano, kwa mono ya biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, jumla ni takribani megabaiti 53. Laptopu ya mtumba inazimudu bila taabu.

Kuziunganisha ni kazi ya faili ya SFZ, ambayo ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyaandika kwa Notepad na kuyafungua kwa sfizz, programu ya bure. Amri za lovel na hivel huchagua rekodi kulingana na nguvu ya mpigo, ambayo MIDI huipima kutoka 1 hadi 127. Amri za seq_length=4 na seq_position huzungusha zile rekodi nne, ili noti ikirudiwa isije na sauti ileile kila mara. Sikio hugundua marudio hayo upesi mno.

Lakini amri ninayoithamini kuliko zote ni off_by. Mtazame mpigaji: kabla ya kupiga tena ulimi unaolia, kidole huugusa, na mlio wa kwanza hukatika. Kompyuta haijui hilo. Huacha milio ipandane hadi muziki ukajaa ukungu. Upe kila ulimi kundi lake, kisha uagize mpigo mpya uuzime ule wa zamani katika kundi hilohilo. Badiliko hili moja huifanya akogo iwe hai kuliko mwangwi wowote utakaouongeza.

Kisha mikono. Anayepiga kwa vidole gumba viwili kwa kawaida hatoi noti tatu kwa pamoja, wala gumba moja haliwezi kuruka kutoka ukingo hadi ukingo papo hapo. Ukipanga noti kwenye programu ya LMMS, iandike sehemu ya kila gumba kwenye traki yake. Usizivute noti zote zikae sawasawa kwenye mistari ya mapigo; sogeza gumba dhaifu nyuma kidogo, milisekunde 10 hadi 20, na lipige kwa nguvu pungufu.

Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, walishika njia nyingine. Leo PaLayeng aliingiza muziki wa harusi wa Waacholi katika kompyuta kwa sababu kukodi kundi zima lilikuwa jambo ghali, na kazi zake na Otim Alpha zilitoka mwaka 2017 katika Gulu City Anthems. Pale mashine iliachwa isikike kuwa mashine, na watu wakacheza. Naiheshimu sana kazi hiyo. Hapa shabaha ni tofauti: mpigaji wa akogo asikilize, kisha aulize ni nani aliyepiga.

Isukuti, ngoma za Waluhya, hufuata utaratibu uleule, ila ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Zirekodi zote tatu badala ya kuishusha moja sauti kwa kompyuta, kwa kuwa ngozi na mzinga wa kila moja vina mlio wake. Shiriri usiijenge kwa sampuli. Mwite mpigaji, mvalishe hedifoni, arekodi juu ya wimbo uliokwisha kuupanga.