Ushujaa na Hofu Katika Kitabu cha Watoto

Msomaji mwema, vitabu vya ushujaa ni vingi, na katika vilivyo vingi shujaa ni mtu asiyejua hofu. Mtoto avisomapo hufurahi, kisha hujitazama akajiona si wa namna ile. Number the Stars, kitabu cha Lois Lowry wa Marekani kilichotoka mwaka wa 1989, kimeshika njia nyingine. Nakuomba tukipime pamoja, tuone uzito wake na upungufu wake.

Hadithi hii ni ya kubuni, lakini imejengwa juu ya mambo yaliyotukia Denmark mwaka wa 1943, nchi hiyo ilipokuwa imetekwa na Wajerumani wa Hitler. Annemarie, msichana wa miaka 10, ana rafiki Myahudi, jina lake Ellen. Habari zinapofika kwamba Wayahudi watakamatwa, wazazi wa Annemarie wanamficha Ellen na kumwita Lise, jina la binti yao aliyekufa. Askari wanaingia usiku. Annemarie anaukata mkufu wa Ellen wenye nyota ya Kiyahudi, anaufumbata kwa nguvu, na askari wakiisha kwenda, nyota imepiga chapa kiganjani mwake. Mwandishi hakutumia maneno mengi juu ya hofu. Alama ile yatosha.

Baadaye Annemarie anatumwa kukimbiza kifurushi kwa mjomba wake Henrik, mvuvi, ambaye mashuani mwake Wayahudi wamefichwa. Hajui kilichomo. Askari wenye mbwa wanamsimamisha msituni, naye anajifanya mtoto mjinga mwenye kupayuka. Kumbe ndani mna leso iliyotiwa dawa ya kuwapotezea mbwa nguvu ya kunusa. Hapa ndipo penye moyo wa kitabu. Annemarie anaogopa, wala hajui yote, lakini miguu yake haikatai kwenda. Ushujaa wa namna hiyo hata wewe nami twaweza kuutamani.

Wala mwandishi hafichi gharama yake. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Peter, kijana aliyewasaidia wakimbizi, mwishowe anapigwa risasi na kufa.

Lakini kazi ya mhakiki si kusifu tu. Kwanza, Ellen ananyamaza mno. Yeye ndiye mwenye hatari, lakini hofu tunayoijua kwa ndani ni ya Annemarie peke yake. Anayeokolewa naye ana moyo na maneno yake. Pili, msomaji asiyejua historia aweza kudhani kwamba mambo yalikuwa hivyo kila mahali. Denmark, Wayahudi wapatao 7,200 walivushwa hadi Uswidi, nao 470 hivi wakakamatwa. Poland, waliouawa walipata milioni 3. Na katika Ulaya nzima, milioni 6. Mashua zilikuwa chache. Milango iliyofungwa ilikuwa mingi.

Kwa hiyo nakushauri ukisome kitabu hiki, kisha usome na shajara ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha Amsterdam, akakamatwa, akafia kambini mwaka wa 1945. Humo aliyefichwa anasema mwenyewe. Kitabu cha kwanza kitakuonyesha lililowezekana majirani walipothubutu. Cha pili kitakuonyesha ni nani aliyepotea. Ukishika kimoja ukaacha cha pili, umesikia nusu ya habari.