Breki Kwanza

Kwa miezi minne ya kwanza Ami hakuigusa injini. Nilikuwa nikipita kwake Tudor kila Jumamosi baada ya Alasiri, na kila mara nikimkuta amelala chali chini ya gari, nyundo ndogo mkononi, akigonga bati na kutega sikio. Bati zima hulia kama kengele. Bati lililoliwa na kutu kwa ndani hutoa sauti nzito na fupi, kama dafu lililojaa maji, hata kama rangi yake kwa juu bado inang'aa. Kila alipoisikia sauti hiyo alizungushia mahali pale duara la chaki. Mwisho wa mwezi wa pili sakafu ya gari ilikuwa imejaa maduara meupe kama ubao wa mwalimu wa hisabati.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari dogo la kasi la milango miwili, boneti ndefu mbele, paa linaloteremka polepole mpaka nyuma. Alilinunua likiwa limekaa miaka mingi chini ya mwembe, hapa hapa Mombasa, na hewa ya bahari haikuwa imelihurumia. Magari haya hushikwa na kutu pale pale penye desturi yake: chini ya betri, kwenye sakafu, chini ya madigadi za mbele, na kando ya mlango wa nyuma ambako maji ya mvua hutuama. Ami, aliyetumia maisha yake ya kazi katika karakana ya mashine bandarini, alijua hayo kabla hajalipa hata shilingi.

Kwa watu wa rika lake jina la gari hili halihitaji maelezo. Nissan ilianza kuliuza Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Nchi za nje likaitwa 240Z kwa ajili ya injini yake ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4. Pasaka ya 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na Shekhar Mehta akamaliza wa pili katika gari kama hilo hilo. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun. Ami alikuwa mvulana wa shule. Anakumbuka matokeo yakisomwa redioni na baba yake akiwaashiria watu wanyamaze.

Nimeona mjini magari mengi ya vijana ambayo kazi yake ilianzia kwenye ekzosi. Gari hulia mtaa mzima, nalo likifika kwenye kona halijui liende wapi. Sipendi kazi ya namna hiyo, na nilipojua kwamba Ami ananuia kuliongezea gari lake nguvu niliogopa kidogo. Nikamuuliza ataanza na nini. "Mwanangu," akasema, "kwanza lisimame."

Lakini hata kusimama kulingoja bati. Sakafu ya 240Z ni bati jembamba, halifiki milimita moja. Ukilichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, joto hulikunja likawa na mawimbi, na hakuna nyundo itakayolirudisha lilivyokuwa. Kwa hiyo kiraka hukatwa kwanza kwa karatasi ngumu ya boksi, kikajaribiwa, kikapunguzwa, kikajaribiwa tena. Kikishakaa sawasawa ndipo umbo lake linahamishiwa kwenye bati. Kisha Ami huchoma nukta moja hapa, nukta ya pili shubiri moja mbali, ya tatu upande wa pili kabisa. Halafu hungoja. Hurudi kwenye nukta ya kwanza pale tu kiganja chake kinapoweza kutulia juu ya bati bila kuungua. Kiraka cha ukubwa wa kitabu cha shule kilimchukua siku nzima. Nilimwangalia nikawakumbuka mafundi wa jahazi wanavyotia kalafati, pamba na mafuta, ufa kwa ufa, mgongo umeinama, na hakuna apitaye ufukweni anayethubutu kuwaambia waharakishe.

Sasa breki. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa ni fundi wa aina gani.

Breki za mbele za 240Z ni za diski, na kila kalipa ina pistoni mbili. Zilitosha kwa gari jepesi kama lile lilipotoka kiwandani. Wenye magari haya duniani waligundua zamani kwamba kalipa ya Toyota Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, huingia pale pale: matundu ya boliti yanaoana, diski ya asili inabaki, na badala ya pistoni mbili unapata nne na pedi kubwa zaidi. Kwa mtu wa Afrika Mashariki hii ni habari njema mno. Spea za Datsun ya miaka ya sabini ni za kuwinda kama kanga porini, ila Hilux imekufa na kufufuka katika kila gereji ya pwani na bara.

Ami alizipata kalipa zake Nairobi, Kirinyaga Road, akazileta kwenye gunia. Alizifungua mezani juu ya gazeti. Pistoni moja ilikuwa na vidoa vidogo vya kutu, karibu visionekane. Nilidhani ataipiga msasa laini aendelee. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha juu ya vile vidoa, akaiweka kando. Mpira unaozuia mafuta ya breki yasivuje hutambaa juu ya uso huo huo wa pistoni, akanieleza, na kishimo ambacho ukucha unakisikia, mpira nao utakisikia. Kazi ilisimama wiki tano mpaka pistoni nyingine ikapatikana. Katika wiki hizo tano gari lilikaa juu ya stendi, magurudumu yamepangwa ukutani, naye hakuonyesha hata dalili ya kukereka.

Kisha ikaja ngao ya vumbi, lile bati la duara nyuma ya diski. Kalipa ya Hilux ni pana kuliko ya asili, na ngao huizuia. Karibu kila mtu huikata kwa mkasi wa bati, dakika kumi kazi imekwisha. Ami alizifungua ngao zote mbili, akazifunga kwa karatasi yenye mafuta, akaandika tarehe, akazitia kabatini. Akatengeneza nyingine mbili kwa bati jipya, zenye nafasi ya kalipa kubwa. Kabati hilo limejaa vifurushi vya namna hiyo. Kila kilichotoka kwenye gari kimo humo, na atakayelitaka gari siku moja kama lilivyotoka Japani atalirudisha kwa spana peke yake.

Huo nauona kuwa ufundi wa juu kuliko wote nilioushuhudia pale, na sijui kama kuna mtu mwingine ataugundua.

Pistoni nne zinataka mafuta mengi kuliko mbili. Ukibadilisha kalipa ukaacha silinda kuu ya zamani, pedali huzama karibu na sakafu kabla breki hazijashika. Silinda kuu ya gari hili ina kipenyo cha inchi 7/8. Ya ndugu yake mdogo, 280ZX, ina inchi 15/16. Tofauti ni unene wa kadi mbili tatu za mwaliko wa harusi, lakini mguu huihisi. Nayo ina gharama yake: silinda pana husukuma mafuta mengi zaidi na kuudai mguu nguvu zaidi. Ami aliendesha gari kwanza na silinda ya zamani, taratibu, ndani ya ua na nje ya geti, kwa siku kadhaa, ili mguu wake ujue kasoro inayorekebishwa kabla ya kuirekebisha.

Siku ya kutoa hewa kwenye mabomba mimi nilikuwa mguu. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Yeye chini na chupa na mpira mwembamba, akitazama mapovu. Tulianza gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, tukaja mpaka la karibu. Mapovu yalipokwisha alisema turudie mzunguko mzima. Mzunguko wa tatu haukutoa hata povu moja, nasi tukaufanya mpaka mwisho. Adhana ya Magharibi ilitukuta pale pale.

Umeme sitaueleza sana, ingawa ulimla mwezi. Katika gari hili moto wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na baada ya miaka hamsini swichi hiyo huwa imechoka, fyuzi zimeyeyusha vikalio vyake. Aliweka relei na nyaya mpya nene kutoka kwenye betri, swichi ikabaki na kazi ndogo ya kuamuru tu. Taa zikawaka nyeupe badala ya rangi ya chai.

Miguu ya gari nayo ilikuwa na somo moja ninalotaka kulihifadhi. Siku hizi huuzwa bushi za poliyurethani, ngumu kuliko za mpira, na mtu hushawishika kuziweka kila mahali ili gari likaze. Ami aliziweka sehemu chache. Kwenye ile fimbo ya mbele inayoshika mkono wa gurudumu usirudi nyuma, aliweka ngumu upande mmoja tu, na upande wa pili mpira. Fimbo hiyo inahitaji kujipinda kidogo gurudumu linapopanda na kushuka. Ukiibana pande zote mbili, chuma ndicho kitakachojipinda, na siku moja kitakatika. Alinionyesha kwa kijiti cha mwarobaini, akikishika huku na huku.

Injini ilifikiwa mwaka wa pili. Alipima nafasi za valvu kumi na mbili injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa, vidole vikiungua. Kisha akazigeukia kabureta mbili, moja inayolisha silinda tatu za mbele na nyingine tatu za nyuma. Ndani ya kila moja mna pistoni inayopanda kwa mvuto wa hewa, imebeba sindano ndefu inayopungua unene kuelekea nchani, na juu yake mna oili kidogo ya kuituliza isiruke. Zikivuta hewa tofauti, nusu ya injini inaburuta nusu ya pili.

Zipo geji za kupimia jambo hilo, naye anayo moja. Aliitumia, akaiweka chini, akachukua kipande cha mpira wa bomba wenye urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Akasikiliza. Akahamia ya nyuma. Akagusa skrubu, si zaidi ya unene wa ukucha. Akarudi mbele. Alikwenda na kurudi hivyo labda mara ishirini, macho yamefumbwa, na mimi nimesimama na kitambaa nikiona aibu hata kukohoa. Halafu akanipa mpira. Mbele kulikuwa na mvumo kama upepo katika mnazi. Nyuma, mvumo ule ule. Injini ilitulia chini ya mkono wangu, na glasi ya maji iliyokuwa juu ya meza ya spana ikaacha kutetemeka.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, imelala injini ya L28, lita 2.8, iliyowahi kuvuta Nissan Patrol. Ni ya ukoo mmoja na ile ya 240Z na itakaa mahali pake bila kukata kitu. Ameshaifungua, ameipima silinda zote, ameifunga tena. Hiyo ndiyo nguvu aliyoikusudia tangu siku ya kwanza. Jumamosi iliyopita nilimuuliza ataitia lini. Akasema dramu za nyuma bado hazijamridhisha, ya kushoto inashika mbele ya ile ya kulia. Akavuta ubao wake wenye vigurudumu, akalala chali, akaingia chini.